Neno Nililolipunguza Barazani

Nilikuwa mkalimani wa baraza la Kindu kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyeniuliza mimi mwenyewe nafikiri nini. Watu walinitazama nikisema, lakini waliyemsikia alikuwa mwingine. Nikimaliza, walimwitikia yeye. Nilikaa kando ya nguzo, juu ya kipande cha mkeka, karibu na mlango wa uani, ili niweze kuondoka bila kupita mbele ya wanaume.

Kazi hiyo haikuwa ya mwanamke. Iliniangukia tu. Nilizaliwa ng'ambo ya Lualaba, kwa watu wa mto, ambao maisha yao ni mitumbwi na nyavu. Nilikuwa sijamaliza kung'oa meno ya utoto wakati watu wenye bunduki walipotukuta kwenye mihogo. Mama alikimbilia upande mmoja, mimi upande mwingine, na upande wangu ndio uliokuwa na watu. Nikaishia katika nyumba ya Bwana mkubwa, mtu wa pwani aliyeutawala mji wetu. Mkewe, mwanamke wa Tabora, alinipenda kwa namna yake. Macho yake yalipoanza kufifia alinifundisha herufi ili nimsomee dua zake, na kabla hajafa aliniacha huru mbele ya mashahidi. Nikawa huru, na sikuwa na pa kwenda. Nikabaki katika kibanda cha uani.

Mkalimani wa zamani alipozama na mtumbwi wake, Bwana mkubwa alisema, "Yule mwanamke wa uani ana lugha mbili. Mleteni." Basi wakanileta.

Tangu siku hiyo sikuwa mtu wa mahali popote. Wanawake wa mjini waliacha kunisimulia mambo yao, maana mdomo wangu ulikuwa mdomo wa baraza. Watu wa mto nao waliniita mngwana, yaani mtu wa watu wa pwani, na hawakulisema neno hilo kwa heshima. Nilipika chungu cha mtu mmoja, nikala, nikaosha sahani moja. Mara nyingi nilimaliza siku nzima nikiwa nimesema maneno mengi kuliko mtu yeyote Kindu, na hata moja halikuwa langu.

Kisha nikampata dada yangu.

Ilikuwa sokoni, ukingoni, pale mitumbwi ya ng'ambo iliposhusha samaki wakavu na mafuta ya mawese. Mwanamke mmoja mnene alinishika mkono na kuugeuza. Kwenye kigasha changu kuna kovu la moto, refu kama kidole, tangu utotoni.

"Wewe njo nani?" aliniuliza kwa Kiungwana, Kiswahili chetu cha sokoni kinachosema njo badala ya ndiye, kisha hakungoja jibu, akageukia lugha ya nyumbani. "Nani alikuunguza hapa?"

"Sijui. Nilikuwa mdogo."

"Mimi njo nilikuunguza. Nilikuwa nimebeba chungu. Mama alinipiga kwa ajili yako mpaka jua likazama."

Nikamwita yaya, kama tunavyomwita ndugu aliyetutangulia kuzaliwa, na neno hilo lilinitoka kwa shida kwa kuwa sikuwa nimelitumia tangu siku ile ya mihogo. Mama alikuwa amekwisha kufa. Yaya alikuwa na mume, mvulana mdogo, na binti aliyekuwa akianza kusimama dede. Tangu hapo, kila siku ya soko, nilikuwa na mtu wa kukaa naye. Alizoea kuniwekea kichwa cha samaki, akinitazama nikila, akilalamika kwamba nimekonda.

Jambo lililonipata, nililifanya mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya watu wote.

Habari zilifika kutoka upande wa Kibombo kwamba ndui imeingia. Msafara ulikuwa njiani kuja kwetu, na baadhi ya wapagazi wake walikuwa wameachwa vijijini wakiwa na homa. Mkuu wa wavuvi akavuka mto na watu wake kuja barazani. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kigugumizi, mwenye tabia ya kukwaruza paja akitafuta neno. Nilikuwa namwonea aibu. Kumtafsiri kulikuwa kama kufukuza kuku katika ua mpana.

Aliomba soko lifungwe miezi miwili, na wapagazi wa msafara wapige kambi kwenye kisiwa, wasiingie mjini wala ng'ambo. Akatoa sababu zake. Kwanza alisema mto umekasirika kwa kuwa watu wanaoshea masufuria yenye masizi ndani yake. Hilo nililitafsiri lote, na watu wa barazani wakacheka. Mmoja aliuliza kama mto unapenda masufuria yaliyokwisha kung'arishwa. Kicheko kikawa kikubwa zaidi.

Katikati ya kicheko hicho yule mkuu aliendelea kusema. Alisema: "Nilipokuwa kijana ndui ilipita. Vijiji vyote ambamo wageni walilala, watu walikufa. Kijiji cha kwenye maporomoko hakikulaza mgeni hata mmoja. Hawakuugua. Nilikwenda mwenyewe nikaona."

Nilimsikia vizuri. Lakini watu walikuwa bado wanacheka, na mimi nilitaka amalize, nilitaka mtu wa damu yangu aache kuchekwa. Nikasema kwa Kiungwana, "Anasema hata ujanani mwake ugonjwa huu uliwahi kuja." Basi. Nikalikata hapo.

Bwana mkubwa akainua mkono na baraza likanyamaza. Sijawahi kusikia mtu aliyejua kusema kama yule. Hakupaza sauti. Alianza kwa kumsifu mkuu wa wavuvi, akamwita jirani. Kisha akasema kila mtu ana siku yake iliyoandikwa, na anayekimbia huenda anaikimbilia. Akauliza soko likifungwa, nani atawapa watu wa mto chumvi na jembe, na nani atawapa watu wa mjini samaki. Njaa nayo haina dawa. Mwisho aliinuka, akaja mpaka kwenye ngazi za baraza, jua likampiga usoni.

"Mnaniona?" alisema. "Mimi nilipokuwa Tabora nililala nyumba moja na wagonjwa wa ndui. Niliwanywesha maji kwa mkono huu. Nitazameni. Nimekufa?"

Watu wakasema, "Hujafa, Bwana."

Ilikuwa zamu yangu. Na hapa ndipo nilipotenda zaidi ya kupunguza. Maneno yale yalinivutia, nayaungama. Yalikuwa na mpango na mwendo, na baada ya kigugumizi cha mkuu wetu yalinipa raha kuyabeba. Niliyapeleka katika lugha ya mto yakiwa mazuri kuliko yalivyotoka. Pale aliposema kila mtu ana siku yake, mimi niliongeza msemo ambao mama yangu alikuwa akiutumia: "Samaki haogopi maji yaliyomzaa." Bwana mkubwa hakuusema. Asingeweza kuujua.

Wavuvi walitikisa vichwa kukubali. Nilimwona yaya nyuma ya mumewe akitabasamu. Alijivunia mdogo wake aliyeongea mbele ya wakubwa. Ni mkuu peke yake aliyebaki ananitazama.

"Lile neno la kijiji cha maporomoko," alisema taratibu, bila kugugumia safari hii, "umewaambia?"

"Nimewaambia, baba," nikajibu.

Soko halikufungwa. Msafara ukaingia, ngoma zikapigwa, wapagazi wakalala popote walipopata paa. Haukupita mwezi, homa ikaanza katika safu ya nyumba karibu na kivuko.

Sitasimulia yote. Aliyeiona ndui hahitaji kusimuliwa. Mjini walizikwa watu mpaka wachimbaji wakawa wagonjwa wenyewe. Bwana mkubwa alipoteza mke mdogo na mwanawe wa kiume. Mimi nilijifungia kibandani, nikala mihogo mikavu, na kwa sababu ambayo siijui haikunigusa. Ng'ambo nilisikia vilio kila upepo ulipogeuka. Kwa wiki nyingi hakuna mtumbwi uliovuka.

Uliovuka wa kwanza ulinipeleka mimi. Nilimkuta yaya ameketi mbele ya nyumba yake, uso umejaa mashimo mabichi, amekonda mpaka sikumtambua ila kwa namna alivyoshika goti. Mumewe alikuwa amekufa. Mvulana alikuwa amekufa. Binti alikuwa hai kwa kuwa nyanya wa upande wa baba alikuwa amemchukua mapema akaenda naye kambi ya uvuvi, mbali, kabla homa haijaingia kijijini.

Nilikaa chini. Nikalia kama inavyopasa. Yaya hakulia. Alipoona nimenyamaza alisema, "Samaki haogopi maji yaliyomzaa."

"Msemo wa mama," akasema. "Nilipousikia barazani nilijua tu ni kweli." Akainuka, akaingia ndani, na hakutoka tena mpaka nilipoondoka.

Hakukaa nami sokoni tena. Alikuja sokoni, ila alipanga samaki wake upande mwingine, akanipa mgongo. Nilipita pale mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu niliamua kununua samaki kwa mtu mwingine, na tangu hapo nilikula nikiwa nimeukabili ukuta.

Miaka mitatu au minne hivi ikapita. Niliendelea kutafsiri, kwa kuwa hapakuwa na mwingine, lakini nilikuwa nimebadilika. Nilikuwa nimeapa moyoni kutomwamini tena mtu mwenye maneno matamu. Bwana mkubwa alipoanza kusema, nilijihisi nakakamaa. Mkuu wa wavuvi, kwa upande wake, alikuwa amepata heshima kubwa. Hakuna aliyecheka tena kigugumizi chake. Watu walisema: yule ndiye aliyejua. Na mimi nilisema hivyo hivyo, na nilimwamini kuliko wote, nikidhani kwa kumwamini sasa ninalipa kosa la zamani.

Hapo ndipo Bwana mkubwa alipomleta mtu mmoja kutoka upande wa Nyangwe. Kazi yake ilikuwa kuchanja. Alitia kisu kidogo kwenye mkono wa mtu asiye mgonjwa, akapaka usaha wa mtu aliyeugua ndui nyepesi. Unaugua siku chache, alisema, kisha ndui haikurudii. Baadhi hufa, hakuficha, lakini wachache.

Baraza likaitwa, na wavuvi wakaja. Bwana mkubwa alisema vizuri kama siku zote. Alisema mwenye busara hangoji moto ufike dari. Alisema Mungu ameleta ugonjwa na ameleta dawa. Nilimsikiliza nikiwa na hasira, kwa sababu hakusema neno hata moja kuhusu mara ile. Mtu aliyekuwa amesimama juu ya ngazi hizo hizo akituambia siku zimeandikwa, leo alikuwa anatuambia tujikinge, na alisema hayo kwa uso mkavu, kana kwamba ndivyo alivyosema tangu zamani. Nikafikiri: huyu anacheza na sisi.

Basi niliyatafsiri maneno yake kama mtu anayetupa kuni chini. Sikusema uongo. Nilitoa kila neno, lakini niliyatoa yamekufa. Niliyavuruga mpangilio, nikakazia lile la kwamba baadhi hufa, nikayasema mengine kwa haraka.

Mkuu wa wavuvi akajibu. Alisema kumpaka mzima usaha wa mgonjwa ni uchawi, na watu wa pwani wanataka kuwamaliza watu wa mto ili wachukue visiwa. Nilimtafsiri kwa uangalifu wote niliokuwa nao. Pale alipokwama nilimsubiri. Nilimpa sauti nzuri ambayo Mungu hakumpa. Watu wake walipiga mapaja kukubali, wakapanda mitumbwi, wakaondoka bila kuchanjwa.

Nilirudi kibandani nikiwa nimeridhika. Nilidhani mara hii nimesimama upande wa haki.

Kesho yake asubuhi yaya alisimama mlangoni kwangu. Alikuwa hajakanyaga pale kamwe. Aliangalia chungu changu kimoja, mkeka wangu, kisha mimi.

"Sikuja kukusalimu," alisema. "Nimekuja kuuliza. Usinipe maneno ya Bwana wenu wala ya mkuu wetu, hayo nimeyasikia. Wewe mwenyewe unaona nini? Binti nimpeleke kwa yule mwenye kisu, au nisimpeleke?"

Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilijibu upesi mno. "Usimpeleke, yaya. Mkuu alikuwa na haki mara ile. Bwana mkubwa alikosea, na watu wakafa. Utamwaminije tena?"

Alikuwa na tabia ya kutikisa mguu akifikiri, tangu utotoni, naikumbuka hata leo.

"Mkuu mara ile aliona kitu," alisema mwishowe. "Alikuwa na kijiji cha maporomoko. Alitusimulia mara nyingi nyumbani. Jana nilimngoja aseme ameona nini, hakusema ameona kitu. Amesema anaogopa tu."

"Na Bwana mkubwa ameona nini?"

"Sijui yeye ameona nini. Mimi njo nimeona." Akagusa shavu lake lenye mashimo. "Mwaka jana ndui iligusa kambi ya juu. Watu waliniita niwauguze kwa kuwa wengine walikimbia. Niliwaosha, nikalala nao. Sikuugua. Na mwanamke mwingine mwenye uso kama wangu alikuwa nami, naye hakuugua. Aliyeumwa mara moja haumwi tena. Sasa mwenye kisu anasema anampa mtu ugonjwa mdogo ili mkubwa usije. Si jambo la kigeni. Linafanana na lile nililoliona."

Kisha akaongeza: "Hata Bwana wenu. Ana mashimo chini ya ndevu. Hujayaona?"

Nilikuwa nimeyaona. Miaka kumi na mingapi katika nyumba ile! Marehemu bibi aliwahi kuniambia kwamba mumewe aliugua ndui utotoni, kisiwani kwao. Nililijua hilo siku aliposimama kwenye ngazi, jua usoni, akauliza, "Nimekufa?" Ushahidi wake ulikuwa si ushahidi. Alikuwa amekwisha kuugua. Angeweza kulala na wagonjwa mia. Jibu la hoja yake lilikuwa limeandikwa kwenye taya lake, na mimi nilikuwa mtu pekee pale barazani mwenye kulijua na mwenye mdomo wa kulisema katika lugha mbili. Nilikuwa nimeshughulika na utamu wa maneno.

"Nimesikia ulichosema," yaya akamaliza. "Nitampeleka."

Alimpeleka siku ile ile. Binti aliugua siku kama tisa, akatoka vipele vichache mkononi na kifuani, akapona. Watu wa kijiji chake walimtenga yaya, wakamwita mke wa wachawi. Akahamia ukingoni peke yake na mtoto.

Mimi sikuchanjwa. Mchanjaji alipita hata uani, akaniuliza, na nikakataa. Hata baada ya maneno ya yaya nilikataa. Nilikubali kwamba ana haki lakini sikutaka Bwana mkubwa awe na haki pamoja naye. Ujinga wa namna hiyo upo, nami niliwahi kuwa nao.

Ndui ikarudi kabla ya mvua kwisha. Safari hii ilinikuta. Nakumbuka homa, mgongo ukivunjika, kisha mchanganyiko wa mchana na sauti. Nakumbuka mtu akinifunga mikono kwa kitambaa laini ili nisijikune. Nilipoweza kufungua jicho, moja tu, nilimwona yaya ameketi akisafisha kibuyu. Jicho la pili halikufunguka tena mpaka leo.

Alikaa nami siku nyingi. Alininywesha uji, alinigeuza, alininyoa nywele. Hakusema ila yaliyohitajika: kunywa, lala, inua mkono. Siku moja aliniambia kwamba mkuu wa wavuvi amekufa, na nusu ya watu wa kijiji. Alimlilia. "Alikuwa mtu mwema," alisema. "Hakutudanganya. Alidhani hofu yake ni kuona."

Ningeweza kunyamaza. Nimewaza mara nyingi kwamba kama ningenyamaza, huenda angebaki, nasi tungezeeka pamoja na mashimo yetu. Lakini nilikuwa nimelala pale nikilishwa na mtu ambaye nilikuwa nimemdanganya.

"Yaya," nikasema, "mara ile ya kwanza, neno la kijiji cha maporomoko, sikulisema. Nililikata. Watu wa mjini hawakulisikia kamwe. Na ule msemo wa mama haukutoka kwa Bwana mkubwa. Niliutia mimi."

Aliweka kibuyu chini.

"Kwa nini?"

"Walikuwa wanamcheka. Nilitaka waache."

"Na msemo?"

"Ulikuwa unapendeza."

Kisha akachukua kibuyu, akamaliza kukisafisha, akakitundika. Aliteka maji mitungi miwili, akapasua kuni za siku kadhaa, akazipanga vizuri mahali nitakapozifikia bila kuinama sana. Jua lilikuwa bado juu alipojifunga kanga yake na kuondoka. Hakuniaga, wala sikumwita.

Baada ya hapo ikaja vita kati ya watu wa pwani na Wazungu. Bwana mkubwa alikimbia na watu wake kuelekea mashariki, na sikusikia tena habari zake zilizo thabiti. Watu wa mto waliosalia walitawanyika kufuata maji. Nilikwenda ukingoni pale alipokuwa akiishi yaya, nikakuta majivu ya jiko yaliyokwisha kulowa mvua.

Mzungu aliyekuja kukaa Kindu alihitaji mkalimani, na watu walimwelekeza kwangu. Askari wake walijua Kiungwana, mimi nilijua lugha ya mto, basi maneno yalipita kwa askari, yakapita kwangu, yakafika kwa wazee waliobaki. Alisimama juu ya sanduku. Alisema utumwa umekwisha, kila mtu sasa ni mtu huru. Katika hotuba hiyo hiyo alisema kila kijiji kitaleta utomvu wa mpira wa msituni na wapagazi, na kisicholeta kitakiona.

Nilitafsiri yote mawili, moja baada ya jingine, bila kupamba na bila kuharibu. Mzee mmoja aliuliza: "Mtu huru akikataa kubeba, itakuwaje?" Nikalipeleka swali lake kama lilivyo. Askari akasita. Nikalirudia. Mzungu alipojibu jambo lisilolihusu swali, niliwaambia wazee: "Hajajibu. Amesema jambo jingine, nalo ni hili." Na mzee alipoongeza kwamba mbalamwezi ya mwaka huo ni mbaya, hilo nalo nililipeleka, lote, hata pale askari walipocheka.

"Mama, fupisha," askari aliniambia. "Unatuchosha."

"Sifupishi, baba," nikamjibu.

Haukupita muda wakapata kijana aliyejua kufupisha. Sikusikitika. Nilipewa kipande cha ardhi ya bonde, nikalima mpunga, na hadi leo ndio unaonilisha. Mara moja moja watu huja shambani kuniuliza juu ya mtu fulani aliyesema jambo fulani: je, ni kweli? Huwauliza wao: ameona nini, na nyinyi mmeona nini? Wengi hawapendi. Walitaka niseme ndiyo au hapana. Huondoka wakinung'unika kwamba mkalimani wa zamani amekuwa mgumu, na mimi hubaki na jembe langu. Wakati mwingine natamani hata mmoja angekaa tule pamoja.

Mwaka huu mpiga kasia mmoja alileta habari kwamba karibu na mahali mto Kasuku unapoingia Lualaba, kuna mwanamke mwenye uso wa mashimo, anayetikisa mguu akiwaza, anaishi na binti yake na wajukuu. Nilitaka kumtuma na salamu. Nilizitunga siku mbili nikipalilia. Kila nilipozipata nilizisikiliza, nikaona ni nzuri mno, nikaziacha.

Siku alipokuwa anaondoka nilishuka kivukoni. "Mwambie mdogo wake yuko hai," nilisema. "Na mwambie yeye ndiye aliyekuwa na haki, mimi nilikosea mara zote mbili."

"Njo hayo tu, mama?"

"Hayo tu. Usiongeze kitu."

Akayarudia mara moja, sawasawa, akasukuma mtumbwi. Hiyo ilikuwa kabla ya kupanda. Sasa mpunga umechanua, na bado hajapita tena upande huu.